Daktari wa Nyota Moja

Siku ambayo dada yangu aliniambia nimchagulie mtoto wake daktari wa kumpasua, nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, nina digrii ya takwimu ndani ya bahasha ya kaki, na uamuzi mkubwa kabisa niliokuwa nimefanya mwezi huo ulikuwa wa kubadilisha sabuni. Huo nao nilikuwa tayari nimeujutia.

"Si wewe ndiye umesoma?" dada alisema. Alikuwa anatoka kwenda saluni anakofanya kazi, kitana mdomoni, na mtoto amemng'ang'ania sketi. "Hawa hapa watatu. Tuchagulie."

Akaniachia kadi ya kliniki. Nyuma yake, afisa wa kituo cha afya alikuwa ameandika majina matatu ya madaktari wa upasuaji wa watoto, wote wa hapa Eldoret. Mtoto alikuwa na miaka minne na tayari alitawala nyumba yetu ya kupanga pale Pioneer kama chifu. Alikuwa na ngiri. Akilia au akikohoa, uvimbe mdogo kama yai la njiwa ulitokeza kwenye kinena chake. Akitulia, ulirudi ndani. Afisa alisema si jambo la kukimbizana, lakini pia si la kukalia, kwa sababu siku moja utumbo ungeweza kunasa pale na kukataa kurudi, na hapo ndipo mambo huharibika.

Mtu wa kawaida angesikia "si jambo la kukimbizana." Mimi nilisikia "kunasa." Nililala na neno hilo siku tatu.

Kisha nikaingia mtandaoni. Kumbe watu huwapa madaktari nyota, moja hadi tano, na chini yake wanaandika maneno, vile vile wanavyofanya kwa hoteli na vituo vya mafuta. Nilifurahi hadi nikasimama. Nilikuwa nimeishi na wasiwasi maisha yangu yote, na hapa palikuwa na watu waliokuwa wamehangaika kabla yangu na kuniachia maelezo! Nikachukua daftari, nikachora jedwali, nikaanza na daktari wa kwanza, wa kliniki moja kule Elgon View.

Mama mmoja alimpa nyota tano kwa sababu pale kuna mahali pazuri pa kuegesha gari. Sisi hatuna gari. Mwingine alimpa tano kwa sababu watoto hupewa biskuti. Baba mmoja aliandika aya ndefu, yenye mpangilio mzuri kabisa, kuhusu televisheni ya chumba cha kungojea, na mwishoni akaongeza, kama mtu aliyekumbuka chumvi, kwamba mtoto alipona. Kulikuwa na mwanamke aliyempunguzia daktari nyota mbili kwa sababu hatabasamu. Hilo lilinichukua jioni nzima. Je, mtu anayeshika wembe juu ya mtoto anafaa kutabasamu? Nikawaza kinyozi wangu, ambaye hutabasamu sana, na kovu lililo nyuma ya sikio langu. Nikamrudishia daktari zile nyota mbili kwenye jedwali langu, kwa penseli.

Halafu nikaanza kuwachunguza wale waliotoa maoni. Huyu aliyesema "daktari bora Afrika Mashariki nzima" ni nani? Nikamfuatilia. Alikuwa pia amesifu kinyozi bora Afrika Mashariki nzima, na duka la matairi bora Afrika Mashariki nzima. Nikamfuta.

Daktari wa pili alikuwa na maoni mawili tu, yote mawili ya watu wenye jina la ukoo kama lake. Naye nikamfuta.

Wa tatu alikuwa na maoni mengi kuliko wote, na karibu yote yalikuwa na nyota moja. Nyota moja, nyota moja, nyota moja, kwenda chini kama mvua ya Aprili. Niseme ukweli wangu hapa: sikuyasoma. Niliziba maneno kwa kidole gumba, nikahesabu nyota peke yake. Niliogopa nikisoma yaliyowapata watoto wa watu sitaweza tena kumtazama wetu akila. Nikaandika wastani kwenye jedwali, nikaupigia mstari mwekundu.

Jioni nilisoma matokeo mezani. Mama aliniacha nimalize, kisha akauliza swali nililojua linakuja.

"Na hao walioandika ni akina nani?"

"Ni wazazi, Mama."

"Najua ni wazazi. Nisomee majina."

Dada akaweka kikombe chini. "Mama, hapana. Tafadhali."

"Sina ubaya na mtu. Nataka kujua tu."

Mama yangu alikuja Eldoret kutoka magharibi akiwa msichana, akafundisha shule ya msingi hadi sauti ikamkauka. Tulikuwa na ploti kule Kiplombe, na mahindi, na mlango wa bluu. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka jioni moja na blanketi mbili na sufuria, na miezi iliyofuata tuliishi kwenye hema, tukisikia majirani wakitajwa kwa makabila tu, kana kwamba hawakuwahi kuwa na majina yao wenyewe. Tulipotoka hemani tulipanga nyumba Pioneer. Kiplombe hatukurudi. Tangu wakati huo Mama hupokea jina la mtu kama karani anavyopokea barua: analigeuza kwanza aone limetoka wapi. Fundi wa mabomba, mchungaji mpya, mtangazaji wa redio. Halafu anatulia, na anawatendea wote vizuri sawasawa. Lakini lazima ajue.

Basi nikasoma majina. Mmoja alijiita Baraka za Asubuhi.

"Huyo ni wa wapi?"

"Ni jina la mtandaoni tu, Mama."

"Anaficha nini?"

Dada alicheka hadi chai ikampalia. Mtoto naye akacheka, ingawa hakujua kwa nini, na uvimbe wake ukatoka, na sote tukaacha kucheka mara moja.

Nilipofika kwa daktari wa tatu Mama alinyanyua kichwa. Jina la daktari lilikuwa la watu wa hapa, na majina ya waliompa nyota moja nayo yalikuwa ya hapa, moja baada ya jingine.

"Eeh," Mama alisema polepole. "Kama hata watu wake mwenyewe wanamkataa hivyo, sisi tutaenda kutafuta nini?"

Lilikuwa hitimisho baya lenye mantiki nzuri, na mimi mwenye digrii nikaliandika pembeni mwa jedwali. Tukachagua Elgon View. Nikapiga simu. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki tatu.

Siku nne baadaye mtoto alishikwa na mafua. Alikohoa asubuhi moja, uvimbe ukatoka, na haukurudi. Dada alimlaza, akamwimbia, akambembeleza, nami nikazunguka meza. Ulikaa nje muda ambao mpaka leo sitaki kuukadiria, kisha ukarudi wenyewe, kama mgeni aliyeona hapendwi. Nilipiga simu Elgon View. Waliniambia kwa upole mkubwa kwamba wiki tatu ni wiki tatu, na kama kuna dharura tukimbie hospitali.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo, hakuna aliyefanya kifungua kinywa, alipoingia mama wa maziwa.

Huyu alikuwa akituuzia maziwa tangu Kiplombe, kabla ya vita. Ni mtu wa hapa, ng'ombe wake wa hapa. Baada ya sisi kuhamia Pioneer alitutafuta, sijui kwa kuuliza nani, na asubuhi moja akasimama mlangoni na mtungi wake. Mama alimtazama, akaingia ndani, akatoka na sufuria. "Ng'ombe hajambo?" akauliza. "Hajambo," akajibiwa. Hayo tu. Siku ile tuliyotoka Kiplombe alikuwa wapi, aliona nini, alinyamaza wapi, Mama hakuuliza kamwe, naye hakusema. Walizungumza habari za nyasi. Mtoto alipozaliwa na kuanza kuongea alimwita Mama "kukhu," kwa lugha yetu, na akamwita mama wa maziwa "kogo," kwa lugha yao, yaani alijipatia nyanya wawili bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Mbona nyumba imenyamaza hivi?" kogo akauliza, akimimina. "Nani amekufa?"

Dada akamweleza.

"Ngiri? Wiki tatu? Kwani mbona hamwendi kwa yule wa mjini, yule wa juu ya duka la dawa za ng'ombe? Alimtengeneza mjukuu wangu, wa kijana wangu mkubwa. Sasa anapanda miti mpaka tunaomba augue kidogo."

Nikafungua daftari. Anwani hiyo ilikuwa ya yule wa tatu.

"Mama," nikamwambia kogo kwa heshima, "huyo ana nyota moja moja."

"Ndiyo."

"Karibu watu wote wamempa moja."

"Ndiyo. Hata mimi nilimpa moja. Binti yangu alinibonyezea kwa simu yake."

Tulitazamana. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa akinywa maziwa.

"Alikukosea nini?" nikauliza.

"Kunikosea? Wee kijana, si nimesema alimtengeneza?"

"Lakini moja ndiyo mbaya kabisa."

"Mbaya aje?" Aliweka mtungi chini, akashika kiuno. "Ukipeleka mahindi bohari, gredi gani wanachukua? Gredi wani! Ya pili wanakuzungusha. Ukiambiwa ya tatu unageuza trekta unarudi nyumbani na bibi yako anakucheka. Sasa wewe ulitaka nimpe huyo daktari gredi ya tano? Hata kuku hawali!"

Dada alininyang'anya simu. Alisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kupanda.

"Nyota moja. 'Mungu amwongezee huyu daktari siku. Mtoto alikuwa hapiti choo, sasa anamaliza ugali kabla ya baba yake.' Nyota moja! 'Kazi safi, kidonda huwezi kuona, hata shangazi yake ambaye ni mbishi alikubali.' Nyota moja! 'Wani, wani, wani. Hakuna pili.'"

"Kuna mmoja amempa tano," nikasema. "Yule wa tano anasema nini?"

Dada akashusha chini kwa kidole. "'Tulifika saa mbili tukaonwa saa tisa. Tulikasirika sana.'"

Kogo alipiga makofi. "Unaona? Huyo alikasirika, akampa ya kuku!"

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Wiki nzima nilikuwa nimeshikilia ukweli juu chini, na mstari mwekundu juu yake! Miaka minne ya takwimu, na maneno yenyewe nilikuwa nimeyaziba kwa kidole gumba. Dada alinipiga kwa kitana, akanikumbatia, akanipiga tena. Niligundua pia, katikati ya kicheko hicho, kwamba hakuna hata mmoja wa wale wa nyota moja aliyetaja televisheni, wala biskuti, wala mahali pa gari. Waliandika tu mtoto alivyokuwa na alivyo sasa.

Mama hakuwa amecheka. Alikuwa ameinuka kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

"Ni kisu, hicho," alisema, akiwa ametupa mgongo. "Mtoto akishaingia pale mlango unafungwa. Hamna mtu wake ndani."

Alilisema neno kisu kwa namna ambayo sote watatu wakubwa tulielewa kwamba anasema habari za Kiplombe, na nadhani kogo alielewa kuliko sisi. Aliuchukua mtungi wake, akausuuza kwenye karai, akaukung'uta, akausuuza tena ingawa ulikuwa safi.

"Nitakuja nikae na wewe pale nje," alisema.

Mama akageuka. "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe atangoja."

Yeyote anayefuga anajua kwamba ng'ombe wa maziwa hangoji. Mama alifuga zamani, kule Kiplombe.

"Basi tupeleke mtoto," akasema.

Tulienda kesho yake, na aliyetoa nyota tano hakusema uongo hata kidogo: tulifika saa mbili, tukaonwa saa nane na nusu. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi, harufu ya dawa ya kupe ikipanda kutoka duka la chini, na kalenda ya kampuni ya mbolea. Katikati ya kungojea nilishindwa kujizuia, nikamwendea msichana wa mapokezi, nikamweleza habari za nyota. Mwanzoni aligeuka rangi. Alinivuta nyuma ya kabati la faili.

"Umeona?" alinong'ona. "Tafadhali usimwambie daktari. Nimemficha mwaka mzima. Hata wiki jana aliuliza kama tuko mtandaoni, nikasema mtandao umeharibika."

"Uliyasoma maneno?"

"Nani angesoma? Niliona nyota nikafunga!"

Sijawahi kumpenda mtu asiyenifahamu haraka hivyo. Nilimwonyesha. Alisoma ya kwanza, ya pili, akaweka mkono mdomoni, na nilipomweleza habari za gredi za mahindi alikuwa amejiinamia juu ya faili akilia na kucheka pamoja. Mlango wa daktari ukafunguka.

"Kuna nini hapa?" Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta iliyosukwa nyumbani chini ya koti jeupe.

Msichana akamwambia yote kwa pumzi moja. Daktari aliegemea ukuta. Mabega yakaanza kumtikisika. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Na huyo wa tano?"

"Alingoja mpaka saa tisa, daktari."

"Huyo ana haki," alisema, akaita jina la mtoto wetu.

Ndani alimsalimia mtoto kwanza, kisha sisi. Hakumwambia alale. Alitoa glavu, akaipuliza ikawa kuku mwenye vidole, akamwambia naye apulize yake tuone ya nani itakuwa nono. Mtoto alijaza mashavu, akapuliza kwa nguvu zake zote, na uvimbe ukatoka wazi pale daktari alipokuwa ametega jicho. Hakuna aliyekuwa ameandika kuhusu glavu mtandaoni. Nilitaka kuliandika kwenye daftari, nikakumbuka nimeliacha nyumbani, tena kwa makusudi.

"Tutamfanyia Alhamisi asubuhi, hospitalini," alisema. "Jioni mtarudi naye. Ni kazi ndogo, lakini kwangu hakuna mtoto mdogo." Akamgeukia Mama. "Una swali, Mwalimu?"

Sijui alijuaje kwamba alikuwa mwalimu. Labda ni vile alivyokaa. Mama alikuwa na swali, niliona likipanda hadi kooni. Aliitazama ile sweta, akatazama mikono ya daktari, mifupi, iliyokatwa kucha hadi mwisho.

"Atasikia maumivu?" aliuliza.

Alhamisi mtoto alikuwa hajala tangu jana yake, na alitueleza hivyo kila dakika mbili, kwa sauti ya mtu anayeshtaki. Nesi alimpima uzito ili wajue kipimo cha dawa ya usingizi. Dada alimbeba hadi kwenye mlango wenye pazia la plastiki, akarudi mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi hiyo mikono. Mimi nilianza kufikiria kila kitu kinachoweza kutokea, kwa mpangilio, kuanzia kibaya zaidi.

Mama na kogo walikaa benchi moja. Mwanzoni kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kati yao, na pochi ya Mama juu yake. Baada ya muda pochi ilikuwa sakafuni. Nilipita mara ya kwanza wakizungumza habari za nyasi. Mara ya pili nilisikia kogo akisema, akitazama mbele, "Mlango wenu wa bluu, niliufikia siku ile. Nilichelewa. Nilikuta mmeshaondoka." Na Mama, naye akitazama mbele, akasema, "Sikujua." Nikageuka nikatembea upande mwingine wa korido, haraka, kama mtu aliyeingia chumba cha watu wanaovaa.

Pazia la plastiki likasogea. Daktari alitoka, barakoa chini ya kidevu, kofia ya kijani imemkaa upande.

"Tumemaliza. Ameamka. Anataka kujua nani amechukua viatu vyake, na anasema akipewa ugali atamsamehe."

Dada aliketi sakafuni pale pale. Mama alimshika daktari mkono, kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akaendelea kuutikisa hadi daktari akalazimika kumkumbusha kwamba kuna mtoto mwingine anamngoja. Kogo aliimba kitu kifupi, cha lugha yao, na nesi mmoja akamwitikia kutoka chumba cha pili bila kujua ni cha nini.

Mimi nilikimbia nje. Sikuwa na pa kwenda, lakini miguu ilitaka. Niliwasalimia watu wa bodaboda wote, mmoja mmoja. Nilimsalimia mama wa ndizi. Nilifika hadi getini kwa askari, nikamshika bega.

"Ametoka salama!" nikamwambia.

Uso wake wote ulifunguka. "Hongera sana, baba! Ni kijana ama msichana?"

Nilipaswa kumweleza. Lakini kulikuwa na maneno mengi mno ya kupanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kuyapanga.

"Msichana!"

"Kilo ngapi?"

"Kumi na tano na nusu," nikasema, maana ndizo nesi aliandika.

Askari aliyatazama majengo ya hospitali. Kisha akavua kofia, taratibu, akaiweka kifuani.

"Na mama yake?" akauliza.